Vumbi la Leo, Ugonjwa wa Kesho: Fundi Ujenzi na Saratani Isiyo na Kumbukumbu

Na Mwandishi Wetu – Dodoma

Kwenye lango la karibu kila eneo kubwa la ujenzi hapa nchini kuna kibao kinachomtaka anayeingia avae kofia ngumu, viatu vya usalama na kizibao kinachoakisi mwanga. Kibao hicho kimeokoa maisha ya wengi, kwa kuwa tofali linaloanguka na jukwaa linaloporomoka ni hatari ambazo kila mtu anaziona. Hata hivyo, hatua chache kutoka langoni, fundi wa vigae ameinama juu ya mashine yake ya kukatia, wingu jeupe likimpanda usoni na kutua kwenye kope, kwenye nywele na kwenye sahani ya chakula iliyowekwa kando. Hakuna kibao kinachozungumzia wingu hilo. Jioni fundi atakung'uta nguo, atakohoa mara mbili tatu, na kesho atarudi kazini.

Makala haya yanachambua hatari ya saratani kwa wafanyakazi wa sekta ya ujenzi, na kueleza kwa nini hatari hiyo haipewi uzito unaostahili. Sheria ya kumlinda mfanyakazi ipo. Njia za kinga zipo, na nyingine hazihitaji zaidi ya ndoo ya maji. Kinachokosekana ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: uelewa na kumbukumbu. Saratani itokanayo na kazi huchukua miaka mingi kujitokeza, na inapojitokeza, kazi iliyoisababisha huwa imeshasahaulika.

Sekta inayokua, ugonjwa unaokua

Ni ukweli usiopingika kwamba Tanzania imo katika kipindi cha ujenzi mkubwa. Reli ya Kisasa imeanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limekamilika. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, limefunguliwa mwaka 2025. Mji wa Serikali wa Mtumba umebadilisha sura ya Dodoma, na maandalizi ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, zitakazofanyika kwa ushirikiano na Kenya na Uganda, yameongeza kazi kwa mafundi wetu. Pembeni ya miradi hiyo kuna maelfu ya madarasa, zahanati na nyumba za watu binafsi zinazojengwa kila mwaka mijini na vijijini.

Wakati huohuo, mzigo wa saratani unaongezeka. Kwa makadirio ya Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ambao uko chini ya Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani takribani 40,000 katika mwaka 2020, na vifo takribani 27,000. Saratani zinazoongoza hapa nchini, zikiwemo za mlango wa kizazi, matiti, tezi dume na njia ya chakula, zimekuwa zikizungumzwa sana katika kampeni za afya, na ni haki iwe hivyo. Saratani zinazotokana na kazi hazina kampeni yake. Mgonjwa hupokelewa hospitalini akiwa na jina, umri na makazi. Mara chache faili lake hueleza kwamba kwa miaka 20 alikuwa akikata mawe.

Nini kimo ndani ya vumbi na moshi wa kazi

Wakala huo wa kimataifa huweka visababishi vya saratani katika makundi kulingana na nguvu ya ushahidi. Kundi la kwanza ni la vitu ambavyo ushahidi umethibitisha kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Ukipita katika eneo la ujenzi ukiwa na orodha hiyo mkononi, utakutana na vitu kadhaa vya kundi hilo kabla ya saa ya chai.

Cha kwanza ni silika. Hii ni madini iliyomo kwenye mchanga, kokoto, mawe ya itale, zege, matofali na vigae. Silika iliyotulia ndani ya ukuta haimdhuru mtu. Hatari huanza pale jiwe linapopasuliwa, zege linapotobolewa au kigae kinapokatwa kikavu, kwa kuwa hapo huzalishwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Wingu jeupe tunaloliona ni vumbi kubwa. Lile linaloingia ndani kabisa ya mapafu halionekani, na hubaki hewani hata baada ya wingu kutulia. Silika ya aina hii iliwekwa katika kundi la kwanza mwaka 1997. Huleta saratani ya mapafu, na pia ugonjwa wa mapafu kukakamaa unaoitwa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuponya.

Cha pili ni asbestosi, ambayo tutairudia hapa chini. Cha tatu ni moshi wa injini za dizeli, uliowekwa katika kundi la kwanza mwaka 2012. Moshi huo hutoka kwenye jenereta, mitambo ya kushindilia udongo na malori yanayoachwa yakiunguruma karibu na watu wanaofanya kazi. Cha nne ni moshi wa kuchomelea vyuma, uliotathminiwa mwaka 2017. Cha tano ni vumbi la mbao, ambalo humwathiri seremala, hasa kwa saratani ya pua na mashimo yaliyo nyuma yake. Kazi ya upakaji rangi nayo imo katika kundi hilo kama kazi, kutokana na uhusiano wake na saratani ya mapafu na ya kibofu cha mkojo.

Kuna pia mazoea ya eneo la kazi ambayo hayaonekani kama hatari. Fundi rangi huosha mikono kwa petroli, ilhali petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Vipande vya mbao za kupaulia vilivyotiwa dawa ya kuzuia wadudu hukusanywa na kuwa kuni za kupikia ugali wa mchana, ilhali baadhi ya dawa hizo zina aseniki na kromiamu, ambazo huenda hewani na kubaki kwenye majivu. Jua nalo limo kwenye orodha. Kwa wafanyakazi wenye ngozi nyeusi rangi ya ngozi ni kinga kubwa, lakini kwa fundi mwenye ualbino kufanya kazi juani bila kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kinga ni kujiweka katika hatari ya moja kwa moja ya saratani ya ngozi.

Ifahamike kwamba kugusana na vitu hivi hakumaanishi kwamba kila fundi atapata saratani. Hatari huongezeka kwa kiasi ambacho mtu amekivuta na kwa miaka aliyokivuta. Habari njema ni kwamba kila hatua ya kupunguza vumbi hupunguza hatari.

Fundisho la daftari la chama

Je, inakuwaje hatari kubwa namna hii isionekane? Jibu ni muda. Mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu huonekana siku hiyohiyo. Saratani ya utando wa mapafu inayosababishwa na asbestosi, iitwayo mesothelioma, kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka 20 na 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi zake. Kijana aliyevunja paa la zamani akiwa na miaka 22 anaweza kuugua akiwa mzee mwenye wajukuu, wakati kampuni iliyomlipa imeshafungwa na msimamizi wake ameshafariki.

Ndiyo maana ushahidi wa jambo hili ulipatikana mahali ambapo kumbukumbu zilitunzwa. Nchini Marekani, daktari Irving Selikoff na wenzake walichukua madaftari ya chama cha mafundi wa kufunika mabomba na kuta kwa asbestosi katika maeneo ya New York na New Jersey. Waliwafuatilia wanachama 632 ambao majina yao yalikuwemo kwenye daftari mwishoni mwa mwaka 1942. Taarifa yao ya mwaka 1964 ilionesha kwamba 45 kati yao walikufa kwa saratani ya mapafu au ya utando wake, wakati idadi iliyotarajiwa kwa watu wa umri wao haikufika 7. Miaka michache baadaye, kundi hilohilo la watafiti lilionesha kwamba fundi aliyevuta asbestosi na sigara kwa pamoja alikuwa katika hatari kubwa mara nyingi zaidi ya yule aliyevuta kimoja kati ya hivyo.

Daftari la kawaida la chama, lililoandikwa kwa ajili ya kukusanya ada, ndilo lililobadili sheria za nchi nyingi. Pasipo daftari hilo, vifo vile 45 vingebaki kuwa misiba 45 ya familia mbalimbali, kila mmoja na maelezo yake.

Nchini Uingereza, ambako kumbukumbu za vifo na kazi zimetunzwa kwa muda mrefu, mamlaka ya usalama kazini inakadiria kwamba saratani zinazotokana na kazi ya ujenzi huua watu zaidi ya 3,500 kila mwaka. Sehemu kubwa ya vifo hivyo inatokana na asbestosi iliyovutwa miongo kadhaa iliyopita, ingawa nchi hiyo ilipiga marufuku aina ya mwisho ya asbestosi iliyokuwa ikitumika mwaka 1999. Silika inafuata. Kwa maneno mengine, taifa hilo bado linalipa deni la vumbi la miaka ya nyuma. Tanzania, ambayo ujenzi wake mkubwa unafanyika sasa, ina nafasi ya kutolikopa deni hilo.

Pale kikohozi kinapopewa jina lisilo lake

Kwa mazingira yetu kuna jambo jingine linaloificha saratani ya kazini, nalo ni kufanana kwake na magonjwa tuliyoyazoea. Kikohozi kisichoisha, kupungua uzito, maumivu ya kifua na makohozi yenye damu ni dalili za saratani ya mapafu. Ni dalili pia za kifua kikuu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Silika hufanya hali kuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mapafu yaliyojeruhiwa na vumbi hilo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi. Hivyo fundi anaweza kuwa na kifua kikuu kweli, au silikosisi, au saratani, au zaidi ya kimoja.

Hali ni hiyohiyo kwa fundi rangi anayeona damu kwenye mkojo. Katika maeneo ya Kanda ya Ziwa na Pwani, wazo la kwanza ni kichocho, na mara nyingi ni sahihi. Lakini kichocho chenyewe kisipotibiwa huchangia saratani ya kibofu, na miaka mingi ya kuvuta mvuke wa rangi huchangia pia.

Swali moja la mhudumu wa afya linaweza kuokoa miezi mingi: "Unafanya kazi gani, na kabla ya hapo ulifanya kazi gani?" Mgonjwa naye asisubiri kuulizwa. Kikohozi kinachodumu wiki mbili au zaidi kinastahili kupimwa, na vipimo vya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Ikiwa vipimo havioneshi kifua kikuu, au dawa zimemalizika na hali haijabadilika, fundi amkumbushe daktari kuhusu vumbi na aombe uchunguzi zaidi. Huduma za saratani leo hazipatikani Taasisi ya Saratani Ocean Road pekee; zipo pia katika hospitali za kanda, zikiwemo Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Wengi hufika huko ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na hapo tiba huwa ngumu na ghali zaidi.

Maziwa, leso na mwili uliozoea

Uelewa wa mafundi kuhusu hatari hii haupimwi kwa kuuliza tu kama wamewahi kusikia neno saratani. Hupimwa kwa kutazama wanachokifanya kujikinga. Katika maeneo mengi ya kazi, fundi wa kuchomelea, mchanganya saruji na mpaka rangi huamini kwamba glasi ya maziwa baada ya kazi husafisha kifua. Imani hiyo imeenea kiasi kwamba baadhi ya wasimamizi hutoa maziwa kama sehemu ya huduma kwa wafanyakazi, na kuona wametimiza wajibu.

Maziwa ni chakula bora, lakini hupita kwenye koo la chakula na kuingia tumboni. Vumbi hupita kwenye koo la hewa na kuingia kwenye mapafu. Njia hizo mbili hazikutani mahali ambapo maziwa yangeweza kuliosha vumbi. Fedha inayonunua maziwa kila siku ingeweza kununua barakoa zinazofaa.

Leso au kipande cha fulana kilichofungwa puani nacho huzuia vumbi kubwa tu, lile ambalo pua yenyewe ingelizuia. Hata barakoa nyepesi za hospitali hazikutengenezwa kwa ajili ya chembe za silika. Barakoa inayofaa ni ile yenye alama ya N95, FFP2 au FFP3, iliyobana vizuri uso, na isiyotumika hadi ikachakaa. Ndevu ndefu huacha mwanya ambao vumbi hupitia.

Kauli inayosikika zaidi ni kwamba "mwili umeshazoea". Kwa kweli kinachozoea ni pua na koo, ambavyo huacha kulalamika. Mapafu hayazoei, hukusanya.

Paa la zamani

Asbestosi inahitaji kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa hatari yake imo kwenye majengo yaliyokwisha kujengwa. Baadhi ya shule, ofisi na nyumba za watumishi zilizojengwa miongo iliyopita ziliezekwa kwa vigae vya asbestosi, vile vya rangi ya kijivu vyenye mawimbi, vilivyosifika kwa kupoza joto na kudumu. Anayeishi chini ya paa la namna hiyo ambalo ni zima na halijavunjika hana sababu ya kuogopa na kulipandia kwa nyundo. Nyuzi za asbestosi huachiliwa pale vigae vinapokatwa, kutobolewa, kuvunjwa au kuchakaa hadi kumeguka.

Hivyo basi, anayebeba hatari kubwa ni fundi anayeitwa kubadilisha paa. Vigae hivyo havipaswi kuangushwa chini vikavunjika, kukatwa kwa msumeno wala kusagwa ili kujazia msingi au kufukia mashimo ya barabara ya mtaa. Hulowanishwa kwa maji, hufunguliwa vikiwa vizima, hufungwa kwenye plastiki nzito na kuondolewa chini ya usimamizi wa watu wenye ujuzi. Mabaki yake ni taka hatarishi, na taratibu zake husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kamati ya shule au mmiliki wa nyumba anayepanga kuondoa paa hilo aanze kwa kuwasiliana na halmashauri yake na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, kabla ya kumwita fundi.

Sheria ipo, lakini inahitaji jina

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, maarufu kama OSHA, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama, kutoa vifaa vya kinga na kuhakikisha wafanyakazi wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi na kisha kwa vipindi. Aidha, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, hulipa fidia kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeumia, kuugua au kufariki kutokana na kazi. Mchango wa Mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Serikali imepunguza mchango wa sekta binafsi kutoka asilimia 1 ya mishahara hadi asilimia 0.5 ili waajiri wengi zaidi waweze kujisajili.

Muhimu kwa mada hii ni kwamba fidia hiyo inahusu magonjwa, na siyo ajali peke yake. Lakini ugonjwa unahitaji kuthibitishwa kwamba umetokana na kazi, na hapo ndipo fundi wa Kitanzania anapokwama. Amefanya kazi miezi mitatu Kigamboni, sita Morogoro, miwili kwa mtu binafsi kule Buhongwa. Alilipwa kwa siku, mkononi. Hana mkataba, hana kipimo cha afya cha kuanzia, na jina lake halimo kwenye daftari lolote. Ugonjwa ukija baada ya miaka 25, hakuna wa kumtaja na hakuna karatasi ya kuonesha.

Kwa mtazamo wa mwandishi, pengo hili halizibwi kwa kutunga sheria nyingine. Linazibwa kwa kuwaandika watu. Serikali, kupitia mpango wa kurasimisha ujuzi unaotekelezwa kwa kushirikiana na VETA, imekuwa ikiwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mitaani. Orodha hizo zinaweza kuwa daftari letu. Fundi anayepewa cheti cha uashi angeweza wakati huohuo kufundishwa kuhusu vumbi, kupimwa mapafu na kuwekewa kumbukumbu itakayomfuata popote atakapofanya kazi.

Mwajiri ni nani?

Miradi mikubwa yenye makandarasi waliosajiliwa hukaguliwa. Sehemu kubwa ya ujenzi wa nchi hii, hata hivyo, hufanyika nje ya miradi hiyo. Katika utaratibu wa fosi akaunti, halmashauri, shule au kituo cha afya hununua vifaa na kuwatumia mafundi wa eneo husika. Utaratibu huu umeokoa fedha za umma na kuleta ajira kijijini. Umemfanya pia mwalimu mkuu au mganga mfawidhi kuwa msimamizi wa ujenzi, mara nyingi bila kuandaliwa kwa jukumu la kulinda afya ya mafundi. Iwapo jedwali la gharama la darasa lina fungu la misumari, linaweza kuwa na fungu la barakoa na maji ya kuzuia vumbi.

Kisha yupo mwananchi anayejenga nyumba yake. Huyu hujiona kama mteja, lakini ndiye anayeamua kama kutakuwa na maji, kama vigae vitakatwa ndani ya chumba kilichofungwa, na kama kibarua atafagia vumbi la saruji kwa ufagio mkavu. Kwa vitendo, yeye ndiye mwajiri. Na vumbi linalobaki ndani ya nyumba hiyo litavutwa na wanawe.

Hatua zenyewe ni nyepesi. Kata kigae na jiwe kwa maji, kwa mashine inayotiririsha maji kwenye msumeno au kwa mtu anayemwagilia kwa uangalifu wa umeme. Fanyia kazi ya vumbi nje, upepo ukiwa mgongoni mwa fundi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Weka jenereta mbali na watu. Kula mbali na eneo la kazi baada ya kunawa kwa maji na sabuni, siyo petroli. Mbao zenye dawa zisiwe kuni. Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kwenda nyumbani, kwa kuwa mke na watoto wanaozifua na kuzikumbatia huvuta vumbi lilelile. Barakoa huja mwisho, baada ya kupunguza vumbi lenyewe. Na sigara iachwe, hasa kwa aliyewahi kushika asbestosi.

Kuhusu kumbukumbu, kila fundi anaweza kuanza leo kwa daftari dogo la shule: mwaka, mahali, kazi aliyofanya, vifaa alivyotumia na jina la aliyemwajiri. Kurasa chache kwa mwaka zinatosha. Daftari hilo litamsaidia daktari kujua pa kutazama, na likibidi, litasaidia kuthibitisha dai la fidia.

Kila ifikapo Aprili 28, taifa huungana na dunia kuadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na Februari 4 ni Siku ya Saratani Duniani. Kati ya tarehe hizo mbili kuna takribani miezi mitatu, na katika kila siku ya miezi hiyo kuna vigae vinavyokatwa vikavu. Kinga ni bora kuliko tiba, wahenga walisema. Kwa fundi ujenzi, kinga hiyo inaanza na ndoo ya maji kando ya mashine, na jina lake kuandikwa mahali ambapo litaonekana miaka 30 ijayo.